Radhi Si Maji ya Kumwagwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

 

Ramadhani moja nilialikwa Tabora kusomesha darsa baada ya sala ya alasiri katika msikiti mmoja wa mjini. Siku moja watu walipokwisha tawanyika kwenda majumbani kungoja magharibi, mama mmoja alinifuata barazani. Hakutaka kukaa. Alisema nami huku akitazama chini. Alikuwa na binti aliyekhitimu msahafu angali mdogo, akenda Dar es Salaam kutafuta riziki, akaanza kwa kuosha vyombo mgahawani, kisha akaingizwa katika kikundi cha wachezaji wanaokodiwa usiku. Picha zake zikarudi Tabora ndani ya simu za watu kabla yeye mwenyewe hajarudi. Majirani hawakumwambia mama yule kuwa mwanawe amepatwa na tabu, wala kuwa amepotea njia. Walimwambia neno moja tu: "Mwanao amemwaga radhi."

Mama akaniuliza: "Maalim, maji yakimwagika hayazoleki. Na radhi jee?"

Nilimjibu kwa kadiri nilivyojaaliwa, na jawabu nitalitaja mwisho. Lakini neno lile sikuweza kuliacha pale barazani. Limeenea pwani na bara. Magazeti ya udaku yameliandika kwa herufi kubwa, watoto wetu wanalisema mbele ya sinia ya chakula, na sisi tunaojua asili yake tumenyamaza kana kwamba halituhusu. Leo nataka tulitazame pamoja, mimi na wewe.

MAANA YA NENO

Anayesikia "kumwaga radhi" leo hafikiri dua wala wazazi. Anafikiri mwanamke aliyejivua nguo mbele ya watu, au mchezaji anayejifunua makusudi ngomani, au mtu anayetoa matusi ya nguoni hadharani. Michezo yenyewe ina majina mengi. Kuna kigodoro, ngoma ya kukesha mtaani mpaka alfajiri. Kuna baikoko iliyovuma kutoka Tanga. Kuna kanga moko, mchezaji hujifunga kanga moja tu, nayo hutiwa maji ili igande mwilini. Hayo ni majina ya ngoma. Lakini likitajwa tendo lenyewe la kujivua, watu hulitaja kwa neno hili: kamwaga radhi.

Sasa pima. Radhi ni neno la Kiarabu lililoingia katika lugha yetu pamoja na dini yetu. Kwa hilo tumepata kuridhia, ridhaa na maridhiano. Twaomba radhi tukikosa, na twamwambia mwenzetu atuwie radhi. Masahaba tukiwataja twasema radhiya Llahu anhum. Kijana akitaka kusafiri humwendea mzazi kutaka radhi zake kabla ya kutaka nauli. Na Mtume s.a.w. ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kuwa radhi za Mola zimo katika radhi za mzazi, na hasira Zake zimo katika hasira za mzazi. Neno lenye cheo hicho ndilo lililoburutwa mpaka kwenye ngoma ya usiku.

Najua wako waliolipindua zamani. Mtu humwambia mtoto mkaidi, "Utapata radhi," naye akikusudia laana. Hilo ni kosa la ulimi, na kosa la ulimi husahihishwa. Kumwaga radhi ni jambo jengine, kwa kuwa ni hukumu. Anayesema fulani kamwaga radhi amesema mambo matatu kwa pumzi moja: kwamba radhi ilikuwa mkononi mwa binti yule kama maji katika kata, kwamba ameimwaga yeye peke yake, na kwamba haizoleki tena.

Yote matatu si kweli. Radhi ya Mungu iko kwa Mungu, na radhi ya mzazi iko kwa mzazi. Mtoto aweza kuikosa, aweza kuitafuta, aweza kuipata tena baada ya kuikosa. Kuimwaga hawezi, kwani si yeye aliyeishika. Na hilo la pili, kwamba ameimwaga peke yake, ndilo uwongo mkubwa kupita yote. Ushahidi wake sitautafuta mbali. Upo katika njia ile ile aliyopita binti wa mama yule, njia ya Tabora na pwani.

NJIA YA NGUO

Wengi wetu wa pwani tunaijua Tabora kwa asali, kwa maembe, na kwa reli iliyofika huko mwaka 1912. Kabla ya reli, Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara. Msafara ulitoka Bagamoyo, ukapita Usagara na Ugogo, ukafika Unyanyembe, mahali palipoitwa Kazeh. Hapo njia iligawanyika, moja ikenda Ujiji na kuvuka ziwa mpaka Manyema, nyengine ikipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wazungu Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi wa Novemba 1857 waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha jenga matembe yao na kukaa.

Jee, wapagazi wale walibeba nini kwenda bara? Walibeba shanga, waya za shaba, bunduki na baruti, lakini mzigo mkubwa ulikuwa nguo. Ilikuwako merekani, iliyopata jina lake kwa kuwa ilifumwa Marekani na kuletwa Unguja kwa majahazi ya bandari ya Salem. Ilikuwako kaniki iliyotoka Bara Hindi. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia ile. Hongo za Ugogo zililipwa kwa nguo, chakula kilinunuliwa kwa nguo, na ujira wa mpagazi wa Kinyamwezi ulihesabiwa kwa nguo. Kipimo kilikuwa shuka, yaani mikono minne, na doti, yaani mikono minane.

Neno doti tunalo mpaka leo. Mama akenda dukani hanunui kanga moja. Hununua doti, vipande viwili, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda. Basi atakayekwambia kuwa kanga moko ni vazi letu la asili, mwambie ahesabu. Moko ni neno la Kilingala, na maana yake ni moja. Kanga ya mama zetu ni doti. Aliyekata doti nusu na kuilowesha maji hakuchukua asili ya mtu yeyote.

Na katika njia ile mtu huru alijulikana kwa nguo. Wale wa misafara waliojiita waungwana, wengi wao walikuwa wametoka utumwani, na kanzu na kofia vilikuwa alama ya uungwana wao. Kuvaa kulikuwa kutangaza kwamba mimi ni mtu, si mali.

Lakini njia ile ile, iliporejea pwani, ilileta pembe na ilileta watu. Hapa yatupasa kusema kweli ijapokuwa inauma, kwani wengi wa wenye misafara walikuwa watu wa dini yetu, na wengine ni jamaa zetu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, baba yake alikuwa na makao Unyanyembe na alioa kwa mtemi Fundikira. Sisi hatutaji majina hayo ila kwa fakhari, na fakhari hiyo ina upande wa pili. Watu walitekwa Manyema na kwengineko, wakapitishwa Ujiji na Tabora, wakafika pwani wakiwa na kitambaa kibovu au bila kitu. Na katika soko la watumwa la Unguja, mpaka lilipofungwa mwaka 1873, wanunuzi waliwakagua wanawake mwili mzima mbele ya watu, kama anavyokaguliwa mnyama.

Nakuuliza, msomaji: mwanamke yule aliyevuliwa nguo sokoni, alimwaga radhi? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Alivuliwa. Aibu ilikuwa ya aliyemvua, na ya dalali aliyemnadi, na ya mnunuzi aliyetoa fedha, na ya wapita njia walioona kuwa hiyo ni biashara kama biashara nyengine. Utumwa ulipopigwa marufuku, Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, wanawake waliotoka katika hali ile walijitanda kanga na wakavaa buibui, sitara ambayo utumwani hawakuachiwa. Nguo ilikuwa uhuru wao.

Sasa mtazame binti wa leo. Naye ametoka Tabora kwenda pwani. Hakufungwa mnyororo, nami sisemi kuwa yeye na mtumwa ni sawasawa. Yeye ana hiari, na ataulizwa juu ya hiari yake. Lakini yuko mwenye ukumbi anayemkodi. Yuko mwenye kikundi anayechukua fungu kubwa na kumwachia yeye makombo. Wako wanaume wanaosogea mbele kumtuza, na kila nguo ikilegea noti huzidi. Yuko anayepiga picha kwa simu na kuzipeleka mikoani. Yuko mwenye gazeti anayeuza. Watu wote hawa wametoa fedha au wamepokea fedha. Likija neno "kamwaga radhi," wote hutoweka, na anabaki msichana mmoja katikati ya uwanja na jina baya. Uchafu wa neno hili ningeweza kuuvumilia. Nisilolivumilia ni kwamba limekuwa pazia, na nyuma ya pazia hilo wamejificha wanaume.

MWENYEZI MUNGU ANASEMAJE

Soma Surat al-Aaraf, aya ya 26 na 27. Mwenyezi Mungu anawakumbusha wanaadamu kuwa Yeye ndiye aliyewateremshia nguo za kuwasitiri na kuwapamba, na kwamba nguo ya uchamungu ni bora zaidi. Kisha anawaonya wasifitinishwe na Shetani kama alivyowatoa wazee wetu wawili Peponi kwa kuwavua nguo zao. Tazama kazi ya kuvua imenasibishwa na nani. Na Adam na Hawa walipofunuka walikimbilia majani ya Pepo wajisitiri. Mola wao hakuwaambia kuwa radhi Zake zimemwagika. Aliwafundisha maneno ya kutubia, na akaipokea toba yao.

Soma pia khabari za zama za ujahili. Makka ilikuwa na watu wakiizunguka Al-Kaaba uchi. Kwa nini? Makureshi waliweka sharti kuwa mgeni asitufu kwa nguo alizokuja nazo. Avae nguo ya Kikureshi, na asiyepewa nguo hiyo na atufu hivyo hivyo alivyozaliwa. Basi uchi wa maskini ulitoka katika kanuni ya wakubwa wenye nguo. Mwaka wa tisa wa Hijra, Sayyidna Abubakar alipoongoza Hija na Sayyidna Ali akatumwa nyuma yake, ilitangazwa kuwa baada ya mwaka huo hapana atakayeizunguka Nyumba hali yu uchi. Uislamu haukuwatukana waliokuwa wakizunguka. Uliivunja kanuni iliyowavua.

Ya tatu ni Surat an-Nur. Sisi waalimu wanaume tunapenda sana kusomesha aya ya 31, inayowaamrisha wanawake kujisitiri. Ni amri ya Mungu, wala haina shaka. Lakini kabla ya 31 kuna 30, na hiyo inawaamrisha wanaume wainamishe macho yao. Mola ameanza na mwenye kutazama. Kisha ukifika aya ya 33, utakuta katazo la kuwalazimisha vijakazi uzinifu kwa kutaka pato la dunia. Wafasiri wanamtaja hapo Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki wa Madina, aliyekuwa akila pato hilo. Na mwisho wa aya ile umetajwa msamaha na rehema kwa waliolazimishwa. Mwenye kula pato ndiye aliyeshutumiwa. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 19, imeahidiwa adhabu chungu kwa wanaopenda uchafu uenee baina ya walioamini. Wewe unayepokea picha na kumpelekea mwenzako, huku ukisema astaghfirullah, ujitazame katika aya hiyo.

HOJA ZAO NA MAJIBU YETU

Watasema: hili ni neno tu, na lugha hukua. Ni kweli lugha hukua, lakini mti hukua na kansa nayo hukua. Neno likikufundisha kumlaumu mmoja na kuwasahau kumi, si neno tu. Mama yule wa Tabora hakuja kwangu kulia kwa sababu ya sarufi.

Watasema: hizi ni ngoma za asili, mbona bibi zetu walikata viuno? Nami najibu kuwa bibi zetu walicheza ndani, mlango umefungwa, wanawake watupu, kungwi akimfunza mwari aliye karibu na ndoa. Hapakuwa na kiingilio wala mwanamume mwenye noti. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na maana yake ni kuwa uchi una mahali pake: kwa mkunga, kwa tabibu, kwa mwenzako wa ndoa. Aliyelitoa somo la ndani akaliweka barabarani kwa kiingilio hakuhifadhi mila. Ameuza mlango wa nyumba.

Watasema: anacheza kwa ridhaa yake. Hapa neno letu limerudi kwa sura nyengine, kwani ridhaa na radhi ni mzizi mmoja. Msichana anayedaiwa kodi ya chumba, mwenye mdogo wake anayengoja ada ya shule, anaambiwa usiku mmoja wa kuvua utamlipa kuliko mwezi mzima wa kuosha vyombo. Anasema ndiyo. Ndiyo hiyo haimwondolei dhambi yake, lakini haikuondolei wewe yako uliyeinunua. Mnunuzi wa ridhaa ya mwenye njaa asiniletee ridhaa hiyo kama hati ya kusafishwa.

Na wako upande wetu watakaosema: basi wakamatwe, wapigwe marufuku. Viongozi wa serikali wamevipiga marufuku vigodoro mara nyingi mahali mbalimbali, na jambo hilo ni zuri. Ila tukumbuke tulikotoka. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya nguo fupi, ianze Dar es Salaam tarehe mosi Januari 1969. Hata siku hiyo haijafika, makundi ya vijana wa kiume yalikuwa yamekwisha anza kuwashambulia wasichana Kariakoo. Jambo lililotangazwa kwa jina la heshima ya mwanamke likaanza kwa kumfedhehesha mwanamke. Marufuku isiyomgusa mwenye ukumbi na mwenye noti itamrudia msichana yule yule.

LINALOTUPASA

Kwanza, tuliache neno hili majumbani mwetu. Mtoto akilisema, asipigwe; aelezwe radhi ni nini. Na jambo lenyewe tulitaje kwa jina lake: kuvuliwa nguo kwa fedha. Katika jina hilo yumo mwenye fedha, hawezi kutoroka.

Pili, wenye nyumba, wenye kumbi na wenye maspika miongoni mwetu, na wako Waislamu miongoni mwao, wajue kuwa kodi wanayoipokea kwa ngoma ile ni pato lile lililokatazwa. Haitakaswi kwa kuchangia futari ya msikiti.

Tatu, binti anayetaka kurudi apate pa kurudia. Zamani msafara ulikuwa na kituo, na aliyechoka njiani alijua mbele kuna maji na kivuli. Sisi tumewaacha mabinti zetu waende safari ndefu bila kituo, kisha tukakaa barazani kuhesabu walioanguka.

Jawabu nililompa mama yule lilikuwa hili. Nilimwambia: "Mwanangu, radhi ya mwanao haikumwagika, kwa sababu hakuishika yeye. Umeishika wewe. Kosa lake ni kosa, na atalitubia kwa Mola wake. Lakini ukiificha radhi yako kwa kuwaogopa majirani, utakuwa umemfungia mlango ambao Mungu hakumfungia. Mpigie simu leo kabla ya daku, umwambie kitanda chake kipo."

Akasema: "Na majirani, Maalim?"

Nikamwambia majirani aniachie mimi.

Siku ya pili darsa yangu ya alasiri ilikuwa aya ya 30 ya Surat an-Nur. Sikumtaja mtu wala nyumba. Mwisho nilisema kuwa mwenye picha ya mwanamke asiyemhalalikia katika simu yake aifute kabla adhana ya magharibi haijamkuta, asije akafuturu nayo. Hakuna aliyesimama kukiri, wala sikutaka asimame. Lakini msikiti ulinyamaza kimya, kisha safu ya nyuma nikaona mkono mmoja unaingia mfukoni, na wa pili, na wa tatu, mpaka nikainamisha macho yangu nisiendelee kuhesabu.

Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na vizazi vyetu, na atujaalie kuwa sitara ya wenzetu. Amin.

Wabillahi ttawfiq.